Alama Arobaini na Moja za Kijojia

Nyumbani wananiita Mrusi, na hawaniiti hivyo kwa mapenzi. Aliyeanza ni baba, siku nilipomwambia kwamba chuo kimenipa nafasi katika Idara ya Lugha na Tamaduni za Kirusi na Yurasia. Baba ni fundi wa friji. Alikuwa amelala sakafuni, kichwa kimezama nyuma ya friji la bucha, wala hakukitoa. Aliniuliza kutoka hukohuko, "Hicho Kirusi utamsemesha nani? Friji?" Wateja wote wakacheka. Mimi nina hasira za karibu, sikucheka. Nilisema nitaenda, nikaenda, na sasa niko mwaka wa tatu.

Idara yenyewe ni vyumba viwili mwisho wa korido, jirani na stoo ya viti vilivyovunjika. Tulianza kumi na wanne, tumebaki wanane. Kirusi nakipenda, sitasema uongo, ingawa kimenitoa jasho. Ndimi zetu zimezoea kukaza silabi ya pili kutoka mwisho, na Kirusi hukaza popote kinapojisikia. Ndiyo maana mwaka wa kwanza nilisimama mbele ya darasa nikatangaza kwa fahari kwamba napenda sana kukojoa, wakati nilitaka kusema napenda kuandika. Lakini nilikomaa nacho mpaka kikanikubali.

Shida ilikuwa Kijojia. Mwaka wa pili kila mwanafunzi huchagua lugha moja ya ziada, Kijojia, Kikazaki au Kiuzbeki. Nilichagua Kijojia kwa sababu moja tu: kilifundishwa saa sita mchana, na hizo nyingine saa moja asubuhi. Mwalimu wake tulimpa jina la Koo, maana sauti nyingi za lugha hiyo hutokea kooni, naye alipita meza kwa meza akituchungulia vinywa utadhani daktari wa meno. Nilitoroka vipindi vyake mno. Kufaulu ni alama arobaini, mimi nilipata arobaini na moja. Nayasema haya mapema ili mjue hospitali ilipata mkalimani wa namna gani.

Aliyenipigia simu ni mama mdogo. Yeye ni muuguzi wa wodi ya watoto, na akiwa kazini hana salamu.

"Mrusi, uko wapi?"

"Chuoni. Kuna nini?"

"Njoo wodini sasa hivi. Kuna mtoto wa kigeni, gari lao limetumbukia mtoni pale darajani alfajiri ya leo. Tangu aletwe analia tu, hatumwelewi hata neno moja. Angalia hiyo picha niliyokutumia."

Picha ilikuwa ya kitabu cha kupaka rangi walichokikuta kwenye kibegi cha mtoto, kimelowa chapachapa. Maandishi juu yake yalisema "Wanyama wa Msituni." Kirusi safi. Nilifunga kamba za viatu nikiwa kwenye ngazi.

Nilimkuta binti wa miaka sita hivi, mkono wa kushoto umefungwa plasta, macho yamevimba kwa kulia. Mama mdogo amekaa kitandani anamsugua mgongo. "Usilie mama," anamwambia. "Tulia mama. Kunywa maji kidogo, mama." Ndivyo tunavyowabembeleza watoto wa kike. Na kila aliposema hivyo yule mtoto aliinua kichwa, akatazama mlangoni, kisha akalia upya kuliko mwanzo. Niliona kwa macho yangu mawili, nisiwaze lolote.

Miguuni pa kitanda alisimama inspekta wa polisi, suruali imelowa hadi magotini, daftari mkononi. Hakupoteza muda.

"Binti, gari ni la kampuni inayojenga bwawa. Dereva wao tumeshampata. Mwenye lori mmoja alimwokota ukingoni huko chini, akamkimbiza hospitali ya ng'ambo ya daraja kabla hatujafika. Kichwa kimepasuka, wamemshona. Ninachotaka unisaidie ni kitu kimoja tu. Ndani ya gari walikuwemo nani wengine? Mto unajaa. Kama kuna mtu kabaki kule, sina siku nzima."

Nikapiga magoti kando ya kitanda. Nikamwambia mtoto kwa Kirusi, polepole, kwamba asiogope, mimi ni rafiki. Akanitazama kwa muda. Kisha akasema, "Voda." Maji. Nikampa, akanywa kikombe kizima. Akaonyesha mkono wake, "Bolno." Unauma. Wauguzi wawili waliokuwa wakichungulia wakashangilia kwa chinichini. Sitaficha, kichwa kilinivimba. Nilitamani baba angekuwepo na mafriji yake.

"Anaongea Kirusi," nikamwambia Inspekta, kana kwamba nimekitunga mimi. Nikamgeukia mtoto. "Gde mama?" Mama yuko wapi?

Akaketi kitako ghafla, akanikamata mkono wa shati. "Mama! Mama sad aris? Mama!" Akanyoosha mkono mzima kuelekea dirishani, upande wa mtoni.

Hayo maneno ya katikati hayakuniingia, nikayapuuza, watoto huwa na vilugha vyao. Neno lililoniingia ni mama. Kwa Kirusi mama ni mama. Kwa Kiswahili mama ni mama. Wakati ule ningekula kiapo kwamba hakuna lugha duniani ambamo mama si mama. Habari za baba hata sikuuliza. Nani anamuuliza mtoto habari za baba wakati anamlilia mama?

"Mama yake alikuwemo," nikasema.

Inspekta akaandika. "Mwingine?"

Nikauliza kwa Kirusi, nani mwingine. Mtoto akatikisa kichwa akasema "Deda," halafu neno lililojaa kha na sha lililonipita kama pikipiki, kisha tena, "Deda, deda." Hilo deda nililijua vizuri. Ni jina ambalo watoto wa Kirusi humwita babu yao. Mwili ukanisisimka.

"Na babu yake," nikasema.

Inspekta alivua kofia. Akatoa simu akawapigia watu wake wa mtoni. "Wako wawili. Mwanamke, na mzee wa kiume. Ndiyo, mtoto mwenyewe kathibitisha. Rudini majini." Mama mdogo aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mmoja wa kitanda cha pili, aliyekuwa akimnyonyesha mwanawe, alianza kutokwa machozi, na dakika chache baadaye wodi nzima ilijua kwamba mtoto wa kigeni mama yake na babu yake wako chini ya maji.

Saa moja ile sitaki kuikumbuka, ila inanikumbuka yenyewe. Inspekta alikuwa akitembea huku na huku koridoni, simu sikioni, nami nilisikia kila kitu. Maji ni tope, hawaoni hata mikono yao. Mpiga mbizi mmoja kamba ilimtoka, akasombwa hadi kwenye mizizi ya mti, wakamvuta akiwa anatapika maji. "Anapumzika kidogo," Inspekta alisema, "halafu anarudi." Nilikaa na mtoto tukipaka rangi dubu aliyelowa, naye kila baada ya dakika ananiuliza lilelile. Mama sad aris?

Nikaanza kukereka, na aliyenikera ni mimi mwenyewe. Sad aris ni nini? Kwa Kirusi haimo. Mtoto anayetamka maji na maumivu vizuri vile, mbona mengine yote anayaboronga? Nikamwomba ahesabu nami kwa Kirusi. Akahesabu mpaka tano kwa sauti ya kuimba, kama mtoto anayerudia alichosikia kwenye katuni, akaishia hapo. Nikamwambia endelea. Akaona simwelewi. Akachomoza vidole vya mkono ulio kwenye plasta, akavigusa kimoja kimoja kwa subira, kama mtu anayemfundisha mjinga.

"Erti. Ori. Sami. Otkhi. Khuti."

Nilisimama hadi kiti kikaanguka. Erti, ori, sami! Hesabu hiyo Koo alitupandisha nayo ngazi za chuo kila Jumanne hadi vijana wa uhandisi wakawa wanatuzomea. Mtoto hakuwa akiboronga Kirusi. Alikuwa akiongea Kijojia, na mimi ndiye niliyekuwa nikiboronga.

Nikakimbilia koridoni nikampigia Koo. Simu iliita sana.

"Mwalimu, samahani. Ni mimi, wa mwaka wa tatu, yule wa..."

"Wa arobaini na moja," akasema. "Nakukumbuka. Moja niliiongeza kwa huruma."

"Mwalimu, tafadhali, 'mama sad aris' ni nini?"

"Baba yuko wapi."

Nikadhani hajanisikia. "Mwalimu, nimesema mama. Em, a, em, a."

"Na mimi nimesikia mama. Kwa Kijojia mama ni baba. Deda ndiye mama. Orodha ya familia, wiki ya tatu. Siku hiyo ulikuwa wapi?"

"Mwalimu, usinitanie."

"Nimewahi kukutania?"

Hajawahi. Koo hajui hata utani unaanzia wapi. Nikaegemea ukuta. Nikamwambia neno lile la pili nilivyolisikia, deda na kha na sha mwishoni.

"Deda sakhlshi," akasema. "Mama yuko nyumbani. Huyo mtoto anakuambia mama yake hakusafiri nao. Kwani kuna nini, binti? Mbona unahema hivyo?"

Nilikata simu. Ndipo nilipoelewa kwa nini mtoto alikuwa akitazama mlangoni. Kila mama mdogo alipombembeleza, usilie mama, tulia mama, yeye alisikia baba, akageuka kumwona baba yake anaingia, hayupo. Asubuhi nzima tulikuwa tunamwita baba yake masikioni mwake. Niliona aibu iliyonichoma hadi masikio.

Lakini aibu ingesubiri. Inspekta alikuwa dirishani, mgongo kwangu, bado yuko kwenye simu. Nikapiga moyo konde.

"Afande, watoe watu majini."

Akageuka. "Unasemaje?"

"Hakuna mwanamke mtoni. Hakuna babu. Nimekosea mimi. Mtoto haongei Kirusi, anaongea Kijojia, na kwa lugha yao mama maana yake ni baba. Na yule babu si babu, ndiye mama, na mama yuko nyumbani kwao, hakupanda gari. Walikuwemo wawili tu, mtoto na baba yake." Niliyatoa yote kwa pumzi moja, nikijua ananiweka ndani.

Alinitazama, akalitazama daftari lake, akanitazama tena.

"Kwa hiyo mama ni baba."

"Ndiyo, afande."

"Na babu ni mama."

"Ndiyo, afande."

"Na huyo mama wa kweli?"

"Yuko nyumbani."

Alifunga daftari. Kisha akaweka simu sikioni, sauti yake imebadilika kabisa. "Tokeni majini. Wote. Nimesema tokeni, nitaeleza baadaye, na mimi mwenyewe sijaelewa." Akashusha pumzi. Halafu akaniuliza swali ambalo nililiogopa tangu nikate simu ya Koo. "Sasa huyo baba yuko wapi?"

"Huyo dereva," nikasema. "Mmejuaje kuwa ni dereva?"

"Gari la kampuni lina dereva," alijibu, lakini alijibu taratibu, kama mtu anayejisikiliza. Hakuna aliyemuuliza yule mtu kitu. Alipookotwa hakuwa na fahamu, na karatasi zake zote zilikwenda na maji. Inspekta akapiga simu hospitali ya ng'ambo, akaweka sauti ya juu ili nami nisikie. Nilikuwa nimekunja vidole mpaka kucha zinaniuma. Kama si yeye, basi baba wa mtoto yumo mtoni, na mimi ndiye nimewatoa wapiga mbizi.

Alipokea muuguzi mmoja mwenye sauti ya uchovu. "Huyo dereva wa gari la darajani? Kaamka toka saa nne. Anatusumbua huyo! Anang'oa dripu, anataka kushuka kitandani, tumemshika watu watatu."

"Anasema nini?" Inspekta akauliza.

"Haeleweki. Anarudia gogo tu. Gogo, gogo, chemi gogo. Tumeandika kwenye faili kwamba gari liligonga gogo likapoteza mwelekeo. Si nilishawapa askari wako?"

"Ndiyo, tumeliandika kwenye ripoti," alisema Inspekta. "Chanzo cha ajali, gogo. Nimetuma vijana wawili wakalitafute hilo gogo."

Wiki ya tatu ya Kijojia sikuhudhuria, lakini neno hilo nililijua, tena nilikuwa nalichukia. Koo alikuwa akituita hivyo sisi wasichana darasani, nasi tukinuna, nani anataka kuitwa gogo. Nilianza kucheka na kulia kwa pamoja, siwezi kueleza.

"Afande, gogo ni msichana. Chemi gogo ni binti yangu. Anamuulizia mwanawe!"

Sijawahi kumwona mtu mzima mwenye cheo akikaa chini sakafuni na suruali mbichi, lakini Inspekta alikaa. "Hakuna maiti," akasema.

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, afande."

"Basi," akasema huku akijifuta uso kwa kofia. "Basi." Akamwambia yule muuguzi wa simuni wamfunge vizuri kichwa wamlete, na kabla ya kumleta wamwambie gogo yupo, yuko salama. Muuguzi akauliza gogo gani tena lililo salama, Inspekta akasema, "Wewe mwambie tu hivyohivyo, gogo yupo. Ataelewa."

Nikarudi kitandani. Kijojia changu chote kilichobaki nilikikusanya hapo. Nilimwambia mtoto, "Mama modi," baba njoo, maana "anakuja" sikujua inasemwaje. Alinitazama kwa mashaka, na nilistahili. Mama mdogo nilipomweleza akasema, "Sasa nimwiteje huyu mtoto, na mimi mdomo umezoea?" Akaanza kumwita mjukuu wangu.

Waliwasili saa tisa kasoro. Tulisikia vurugu koridoni kabla ya kuona mtu, muuguzi anasema taratibu, taratibu baba, na kishindo cha mguu mmoja wenye buti na mwingine mtupu. Mtoto aliacha rangi. Akasimama juu ya kitanda.

"Mama!" akapiga kelele. "Mama!"

Wodi nzima ikageukia mlangoni. Wale akina mama walikuwa wamelia naye tangu asubuhi, na hakuna aliyekuwa amewaeleza chochote. Akaingia mwanamume mrefu, ndevu zimejaa kifuani, bandeji kichwani, gauni la hospitali limefunguka mgongoni. Mama aliyekuwa ananyonyesha alinyoosha shingo kumtazama nyuma yake, anamtafuta mwanamke anayefuata. Hakufuata mtu.

"Ak var," alikuwa akisema yule baba, "ak var, ak var." Niko hapa. Alifika kitandani akapiga magoti, na mtoto akamrukia shingoni na plasta yake, akampiga nayo sikioni, wala hakujali. Alilia kwa sauti, yule mtu mzima. Kisha mtoto akajitoa, akamshika ndevu kwa mkono mmoja, akaanza kumgombeza. Alimgombeza kwa Kijojia kirefu, chenye koo zote ambazo Koo alishindwa kutuingizia, na baba akawa anaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi aliyechelewa. Nilielewa labda maneno matatu. Yalinitosha.

Baadaye kidogo, mtoto amelala kwenye mkono wake, tuliongea kwa Kirusi, ambacho alikijua vizuri kuliko mimi. Yeye ni mpimaji wa bwawa, alijiendesha mwenyewe kwa sababu hapendi kuendeshwa. Nilimwambia ukweli. Nilimwambia kwamba kwa saa nzima alikuwa mwanamke aliyezama, kwamba mkewe alikuwa mzee wa kiume aliyezama, na kwamba kwenye faili la polisi binti yake ni gogo lililoangusha gari. Alicheka mpaka akashika nyuzi za kichwani akaniomba ninyamaze. Mama mdogo akampa simu yake, akampigia mkewe. Sauti ya mwanamke ilipotoka upande wa pili, mzima, mwenye wasiwasi, akiuliza maswali matano kwa mpigo, mimi ndipo niliposhindwa kujizuia.

Nilitoka koridoni. Kwenye simu yangu kulikuwa na ujumbe wa Koo: "Jumatatu saa sita. Orodha ya familia. Usichelewe." Nikakaa chini, mgongo ukutani, nikalia kilio ambacho sikumbuki kulia tangu utotoni, chenye kwikwi na kamasi, na kila nikidhani kimekwisha namkumbuka yule mpiga mbizi kwenye mizizi, namkumbuka mtoto anavyotazama mlango, kinaanza upya. Moyo ulikuwa mwepesi hata nikaona kizunguzungu.

Akaja mama wa usafi na ndoo yake na ufagio wa deki. Alinitazama, akaweka ndoo chini, akainama.

"Pole mwanangu. Umefiwa?"

"Hapana," nikasema. "Hakuna aliyekufa."

"Hakuna?"

"Hakuna, mama. Hakuna hata mmoja aliyekufa."

Alinitazama kuona kama nina akili timamu. "Basi tumshukuru Mungu," akasema. "Sogeza miguu nipige deki."

Nikasogeza miguu.